Picha Ipi Iwekwe Usoni mwa Kitabu Chetu?

Hotuba iliyosomwa Namoto mbele ya mkutano wa jumuiya, kabla ya kitabu hiki cha ukumbusho kupelekwa chapani

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.



Nimeamriwa na wazee niseme mbele yenu juu ya jambo ambalo, likitazamwa kwa haraka, laonekana dogo mno kukusanyia watu: nalo ni picha ya kutiwa katika ukurasa wa anwani wa kitabu chetu cha ukumbusho, yaani ule ukurasa wa mwanzo wenye jina la kitabu. Lakini hapana asiyejua miongoni mwenu ya kuwa jambo hili dogo limetukalisha vikao vitatu, limewafanya watu wawili wapendanao wapitane njiani bila ya kuamkiana, na limekizuia kitabu kwenda chapani tangu mwezi wa Shaabani. Neno lililofanya hayo yote si dogo. Yafaa basi tulitazame kwa utulivu, kila hoja tuipe haki yake, kisha tukate shauri.

Nitaanza na asili ya habari yenyewe. Maandishi yetu yalipokwisha kusomwa na kusahihishwa tulimpelekea mpiga chapa mmoja, naye akayapanga vizuri katika mashine yake, akatuletea karatasi za mfano ili tuzitazame. Usoni, chini ya jina la kitabu, alikuwa ametia picha ambayo hatukumwomba: msikiti mkubwa wenye makuba juu ya makuba, na minara sita. Wengi wetu tulifurahi, nami nilikuwa mmoja wao. Tulisema, Mashallah, kitabu kimependeza. Karatasi ikapita mkono kwa mkono hata ikamfikia mtoto mmoja wa chuoni, asiyetimiza miaka kumi, naye akauliza, "Msikiti huu uko upande gani wa hapa kwetu?" Wakubwa wakacheka, lakini hapana aliyemjibu. Baadaye kijana wetu mmoja aliyesoma akatuambia ya kuwa ule ni msikiti wa Sultan Ahmed, ulioko Istanbul katika nchi ya Uturuki, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 17 ya Miladi. Ni nyumba ya Mwenyezi Mungu, na sisi twaiheshimu. Ila si yetu, wala hapana hata mmoja kati yetu aliyepata kusujudu humo.

Ndugu zangu, swali la mtoto yule ndilo lililoninyima usingizi. Kwani kitabu cha ukumbusho ni ushahidi tunaowaachia watakaokuja baada yetu, na ushahidi, kama mjuavyo katika sharia, hutolewa na mtu juu ya jambo alilolishuhudia mwenyewe. Akija mjukuu wa mmoja wetu baada ya miaka 50, akakifungua kitabu hiki, na la kwanza kuliona likawa minara sita, atatoka nje kuitafuta. Asipoiona atasema, ama wazee wale walikuwa na msikiti mkubwa ukavunjwa, ama walisema uongo. Na yote mawili si kweli.

Tena sisi wa ukingo huu wa Ruvuma tuna sababu ya kuliangalia jambo hili kuliko watu wengine. Twakaa mpakani, jamaa zetu nusu wako huku na nusu wako Kilambo na Mtwara, na katika kuvuka na kuvuka tena karatasi hupotea upesi kuliko watu. Kisha ikatufikia miaka ya fujo. Tangu Oktoba 2017, mashambulio yalipoanza Mocímboa da Praia, hata Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, watu wengi wa pwani hii waliacha nyumba zao, na katika nyumba waliacha masanduku, na katika masanduku zilibaki hati za ndoa, barua za wazee, misahafu na picha za marehemu. Wapo kati yenu waliorudi wakakuta majivu. Basi karatasi tutakayoiandika leo yaweza kuwa ndiyo karatasi ya pekee itakayosema ya kuwa mahali hapa palikuwa na watu waliosali, wakasomesha watoto wao, wakazika wafu wao. Karatasi ya namna hiyo haifai kuvaa uso wa kuazima.

Sasa tazameni pamoja nami jinsi waliotutangulia walivyofanya katika nyuso za maandishi yao.

Mwanzo wa yote ni kisa mnachokijua katika Surat An-Naml. Nabii Suleimani, amani imshukie, alipompelekea barua malkia wa Sabaa, malkia aliwaeleza wakubwa wake mambo mawili juu ya barua ile kabla ya kuwasomea maneno yake: kwanza kuwa imetoka kwa Suleimani, na pili kuwa imeanza kwa Jina la Mwenyezi Mungu. Uso wa barua ulisema yatoka kwa nani na kwa jina la nani. Na kwa hayo mawili malkia akajua ya kuwa hii si barua ya kutupwa.

Wazee wetu wa pwani hii waliifuata adabu hiyo. Katika karne ya 19 masheha na masultani wa pande hizi, toka Tungi, iitwayo leo Palma, hata kusini ya mbali, waliwaandikia wakubwa wa Kireno kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Nyingi katika barua hizo zimehifadhiwa hata leo huko Maputo, katika nyumba ya serikali ya nyaraka za kale. Hazina picha wala nakshi, bali mwenye kuzisoma hupata kujua kwa nani zatoka na kwa nani zaenda. Ndiyo maana barua iliyovuka vita vya Wareno, na uhuru wa mwaka 1975, na vita vilivyofuata, ingali yaweza kumtaja mwenyewe.

Wala msidhani ya kuwa wazee wetu hawakupenda mapambo. Nendeni Kizimkazi katika kisiwa cha Unguja, mkautazame mihrabu wa msikiti wa kale: humo mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, nao ni kiasi cha mwaka 1107 wa Miladi. Herufi zake zimechanua kama matawi ya mti. Nendeni tena kaskazini, Siyu katika kisiwa cha Pate, ambako katika karne ya 18 na ya 19 mafundi walinakili misahafu kwa mkono, wakaipamba kurasa zake kwa rangi nyekundu, nyeusi na manjano. Nakshi ile ilikuwa ndiyo picha yao, na mtu aliyezoea kuziona akiufungua msahafu wa Siyu huutambua kabla hajasoma neno.

Huenda mmoja akasema: hiyo ni nakshi, nasi twauliza juu ya picha ya kitu. Naam, na hiyo pia ipo. Wengi wenu mnakijua kitabu cha Dalail al-Khayrat, kitabu cha kumsalia Mtume kilichotungwa na Imamu al-Jazuli wa Maghribi, aliyefariki mwaka 1465. Katika nakala zake nyingi mmetiwa picha ya mahali alipozikwa Mtume wetu, Swalla Llahu alayhi wa sallam, pamoja na masahaba wake wawili, Abu Bakari na Umari. Na katika nakala za baadaye ikaongezwa picha ya Makka mbele ya picha ya Madina. Nakala hizo zilienea toka Maghribi hata nchi za Kimalai. Na tazameni hekima ya waliozichora: hawakuchora mtu. Walichora makaburi, na mimbari, na mihrabu, na taa, ili mwenye kusoma apate kuona kwa jicho mahali moyo wake unapoelekea.

Ilipokuja kazi ya kupiga chapa, mambo yalikwenda polepole. Huko Istanbul, Ibrahim Müteferrika alipata idhini ya Sultani mwaka 1727, kwa sharti kuwa vitabu vya dini visipigwe chapa. Na mwaka 1730 akatoa kitabu cha habari za Marekani chenye picha 13 zilizochongwa katika mti, nacho huhesabiwa kuwa cha kwanza kutiwa picha katika chapa ya Waislamu. Kwetu Afrika ya Mashariki, Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar toka 1870 hata 1888, alianzisha mtambo wa chapa, na karibu na mwaka 1880 vikaanza kutoka humo vitabu vikubwa vya sharia. Tangu hapo nyuso za vitabu vyetu hazikuwa tena kazi ya mkono wa mwenye kunakili, zikawa kazi ya mtu mwingine aliye mbali, asiyetujua. Na hapa ndipo ilipoingia hatari tuliyoiona juzi, kwani mtu asiyekujua hukuvika nguo iliyo karibu na mkono wake.

Basi na tuzitazame hoja zilizoletwa katika vikao vyetu.

Hoja ya kwanza ni ya wale waliosema itiwe sura ya marehemu mwalimu wetu, ambaye nusu ya waliomo humu walijifunza kusoma mbele yake. Hoja hii imetoka katika mapenzi, na mapenzi hayalaumiwi. Lakini mashehe walitukumbusha ya kuwa sisi ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafii, na Imamu Nawawi, aliye nguzo katika madhehebu hayo, alikataza kufanya sura za vyenye roho, ziwe na kivuli au zisiwe nacho. Juu ya picha za kamera maulamaa wa zama zetu wamehitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri na aliyefariki mwaka 1935, aliandika risala ya kuzihalalisha, akisema ya kuwa kamera yazuia kivuli tu wala haiumbi kitu. Ilhali Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, alizikataza picha za vyenye roho illa kwa dharura, kama hati za serikali. Maadamu maulamaa wamehitilafiana, haitupasi sisi kutukanana. Bali jambo ambalo nusu ya jamaa wataliona ni dhambi halifai kuwekwa mahali ambapo kila mtu sharti apite. Ndani ya kitabu mtu aweza kuruka ukurasa. Uso wa kitabu haurukwi.

Na liko la pili juu ya hoja hiyo. Marehemu mwenyewe hakupenda kupigwa picha maisha yake yote. Picha ya pekee tuliyoipata ni ile ya kitambulisho chake, ndogo kama ukucha, na juu ya bega lake umepita muhuri. Kuikuza ile na kuiweka mbele ya watu ni kumfanyia akiwa kaburini jambo alilolikataa akiwa hai.

Hoja ya pili ni ya vijana, waliotaka picha ya wanachuo wote wamekaa pamoja. Wanangu, nimeisikia hamu yenu. Lakini nchi yetu imeonja vita, na kitabu kikitoka mikononi mwetu hatujui kitaangukia mkono wa nani. Kuweka pamoja sura ya mtoto, na jina lake, na mahali anapokaa, ni jambo ambalo mzazi yeyote ana haki ya kulikataa, wala asiulizwe kwa nini.

Hoja ya tatu ilisema itiwe kuba la kijani la Madina, au Kaaba tukufu. Hapa hapana ubishi wa halali na haramu, kwani vitu hivyo havina roho, na nimekwisha kuwatajia Dalail al-Khayrat. Ila ziko sababu mbili za kusita. Ya kwanza ni ile ya mtoto wa chuoni: kuba lile ni la Waislamu wote wa dunia, nacho kitabu chetu ni cha watu wa hapa. Ya pili ni adabu. Mnajua nyote mwisho wa karatasi katika masoko yetu. Leo ni kitabu, kesho ni cha kufungia njugu na mihogo ya kukaanga, kesho kutwa kimekanyagwa. Vitukufu vilivyowekwa usoni ndivyo vya kwanza kuangukia matopeni. Kwa sababu hiyo hiyo mashehe wameonelea Bismillahi iandikwe ndani, mwanzo wa maneno yenyewe, wala isiwe juu ya jalada.

Hoja ya nne ilisema tusitie picha yoyote, na hii kwa hakika ni hoja yenye nguvu, kwani barua za wazee hazikuwa na picha. Lakini barua ile ilisomwa na mtu aliyejua kusoma. Sisi tuna mama zetu na babu zetu wasiojua herufi za Kilatini, na wapo wajuao za Kilatini wasiojua za Kiarabu. Watu hao wote wamechanga fedha za kitabu hiki. Yafaa wapate kukishika mkononi wakajua, pasipo kusomewa, ya kuwa hiki ni chao.

Tukafika hapo tukakwama. Katika kikao cha tatu, mzee mmoja alipokwisha kuinuka ili aende zake, mjane wa marehemu mwalimu wetu alituma neno toka upande wa wanawake. Alisema, "Waulizeni wanangu, wataka sura yake, au wataka kazi yake?" Kisha akamtuma binti yake nyumbani, naye akarudi na ubao wa chuoni uliofungwa katika kanga.

Ubao ule wengi wenu mliuona siku ile. Ni kipande cha mti cha urefu wa mkono, kichwani kina tundu la kutilia kamba, na pembe yake moja imeungua. Mahali mikono ya watoto iliposhika pamekuwa laini kama jiwe la mtoni. Bibi huyu alipokimbia hakuchukua chungu wala kitanda. Alichukua nguo za wajukuu, na unga, na ubao huu, kwa sababu, alivyosema, ubao haukuwa wake kuuacha, ulikuwa wa watoto wa watu. Hapo watu wakanyamaza. Na yule mzee aliyekuwa ameinuka akakaa.

Ndugu zangu, tazameni jinsi ubao ule unavyozijibu hoja zote. Hauna roho, basi hapana mwenye kukirihika. Hata Ibn Abbasi, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipojiwa na mtu aliyekula kwa kazi ya kuchora, alimshauri achore miti na vitu visivyo na roho. Nao ubao ni mti. Mwalimu wetu yumo ndani yake, kwani mkono wake ndio uliouandika asubuhi na kuufuta jioni. Vijana wamo, kwani wote waliushika. Asiyejua kusoma aujua ubao kwa kuutazama. Na mtoto akiuliza, "Huu uko wapi?" ataoneshwa.

Ilibaki shaka moja: ubao wa chuoni huandikwa aya, na aya zikichorwa usoni, tumerudi katika shida ile ile ya karatasi za njugu. Mashehe wakasema uchorwe ukiwa na alifu, be, te, kama unavyoandikwa siku ya kwanza ya mtoto kuingia chuoni. Shauri hilo mimi nimelipenda, kwani kila mmoja wetu alianzia hapo.

Sasa na niseme machache juu ya kazi yenyewe ya kuitia picha, ili wale tutakaowatuma kwa mpiga chapa wajue la kusema, wasije wakaletewa tena wasichokiomba.

Zamani herufi zilipokuwa za risasi, picha ilichongwa katika ubao, au katika bamba la zinki lililopigiliwa juu ya kipande cha mti, hata kimo chake kikawa sawasawa na kimo cha herufi, nacho ni kiasi cha milimita 23. Kikipungua, picha haikushika wino; kikizidi, ilikandamiza karatasi. Leo kompyuta imeiondoa risasi, lakini kanuni yenyewe imebaki: picha ni kama herufi moja kubwa, ina upana na kimo, na mpangaji sharti aipatie nafasi yake. Katika mfano wa pili tulioletewa, jina la kitabu lilikaa peke yake ukurasa wa kwanza, na picha ikatupwa ukurasa wa pili. Sababu yake ni kuwa ziko programu za kupangia vitabu ambazo picha ikiachiwa itafute mahali pake yenyewe, nayo isitoshee, huisukuma mbele. Dawa ni kumwambia mpangaji aifunge picha pale pale chini ya jina, katikati, na aipimie upana wake.

Kitabu chetu kitakuwa na kurasa za upana wa milimita 148 na urefu wa milimita 210. Tukiacha pambizo za milimita 20 kila upande, hubaki milimita 108 za maandishi. Picha isizidi upana wa milimita 60, ipate kupumua. Na apimapo upana aache kimo kifuate chenyewe, asiivute upande mmoja, kwani ubao wetu utanenepa ukawa mlango.

Juu ya usafi wake: wapiga chapa hutaka picha ya kamera iwe na vitone 300 katika kila inchi. Kwa upana wa milimita 60 hivyo ni vitone kiasi cha 710. Na mchoro wa mistari myeusi wataka mara mbili yake au zaidi, usije ukaonekana kingo zake zimetafunwa na panya. Picha ikipelekwa kwa WhatsApp kama picha, simu huibana iwe nyepesi na vitone hupotea. Basi ipelekwe kama waraka, au ichukuliwe mkononi katika flashi. Na kwa kuwa karatasi tuliyoimudu ni ya bei ndogo na wino ni mmoja, mweusi, mchoro wa kalamu utatoka vizuri kuliko picha ya kamera, ambayo vivuli vyake vyaweza kugeuka masizi. Kijana wetu mmoja mwenye mkono mzuri ameahidi kuuchora, na pembe iliyoungua asiifiche.

Mpango wa ukurasa utakuwa hivi: juu jina la kitabu kwa herufi za Kiarabu, chini yake jina lile lile kwa herufi za Kilatini, katikati ubao, chini jina la jumuiya, kisha Namoto, na mwisho mwaka wa Hijra na wa Miladi. Pasiwekwe herufi yoyote juu ya picha, wala picha chini ya herufi. Na nyuma ya ukurasa huo uandikwe mstari mmoja: huu ni ubao wa nini, umechorwa mwaka gani, na unakaa wapi. Kwani picha isiyo na maelezo ni sawa na shahidi asiyetaja jina lake. Kadhi hawezi kumpokea.

Wazee wangu na ndugu zangu, nimalizie kwa neno hili. Lugha yetu ina neno moja, anwani, lenye maana mbili: ni kichwa cha maandishi, na ni mahali mtu anapopatikana. Ukurasa wa anwani wafanya kazi zote mbili. Sisi ambao katika miaka hii tumeulizwa mara nyingi, mipakani na kambini, "Anwani yako ni ipi?" na pengine hatukuwa na la kujibu, tusikubali kitabu chetu kitoke kikitaja anwani ya mtu mwingine. Na kiseme: sisi ni wa hapa, na hapa palisomwa.

Wale wawili waliokuwa hawaamkiani wamepeana mikono kabla ya Magharibi ya jana, nami nawashukuru mbele yenu, pasipo kuwataja. Namshukuru bibi yetu aliyeubeba ubao. Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu wetu, awarehemu waliokufa katika miaka ya fujo, awarudishe makwao salama waliotawanyika, aitie amani nchi yetu, na aijaalie elimu iliyoandikwa katika ubao ule iwe sadaka isiyokatika.

Wabillahi taufiq. Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.